Kikombe Kimoja cha Maharage

3 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku wazima wa afya, ila mfuko ndio mgonjwa.

Kiwanda cha magodoro anakofanya kazi baba watoto kimepunguza siku. Sasa anaingia siku tatu kwa wiki, na zilizobaki anakaa nyumbani akitengeneza kiti kilekile. Midomo haijapungua: yeye, mimi, watoto watatu, na mdogo wake anayesomea ushonaji. Sita.

Juzi nilimpeleka Bonge kliniki. Unakumbuka tulimpa jina hilo akiwa na miezi mitatu, mashavu yamefunika shingo. Sasa ana mwaka na nusu na jina limemkimbia. Muuguzi akatia nukta kwenye kadi yake, akaiunganisha na ya mwezi uliopita, mstari ukateremka. Akaniuliza mbele ya akina mama wote waliokuwa kwenye benchi, "Huyu nyumbani anakula nini?" Nikamjibu, "Tunachokula wote." Akasema, "Basi wote mnakula vibaya." Mama, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Lakini alisema kweli. Nimekuwa nikinunua vya kujaza tumbo tu: mkate mweupe, viazi vya kukaanga vya pale kona, chai yenye sukari nyingi ya kudanganya njaa. Pesa inaisha na mtoto anakonda.

Wewe umepika shule ya bweni miaka ishirini na sita, watoto mia tatu, kwa bajeti ya kumtoa mtu machozi, na hakuna aliyetoka pale amekonda. Sasa unalisha nyumba hiyo: wewe, Kaka, mkewe na watoto wao watatu. Sita kwa sita. Kwa hiyo hata hesabu sihitaji. Niandikie tu unavyopika, kiasi gani cha nini, nami nitafuata. Kikombe cha bati ulichonipa siku ya harusi bado ninacho. Ni pacha wa chako, isipokuwa pale kilipobonyea nilipokiangusha.

Wasalimie wote. Mwambie Kaka kidole hakitakatika akishika kalamu.

Mwanao,
Chiriku


12 Februari

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Kuuliza si ujinga, umefanya vizuri. Muuguzi huyo mshukuru, halafu mwambie kuna namna ya kuzungumza na mtu mbele za watu.

Naandika nikiwa jikoni, karatasi iko juu ya mfuniko wa debe, ili kila ninachotia sufuriani nikuandikie hapohapo. Ukinisubiri nikumbuke, nitakudanganya.

Maharage kikombe kimoja. Yaloweke tangu jana yake, yale maji umwage, uchemshe kwa maji mapya. Yakilowekwa yanaiva upesi, na moto unaobaki ni wa kesho. Kitunguu kimoja kidogo, karoti moja, nyanya moja. Mafuta kijiko kimoja, cha chai, si cha kupakulia. Mchele nusu kikombe. Mboga za majani fungu dogo: osha kwanza ndipo ukate, maana ukikata kwanza uzuri wote unakwenda na maji. Zikae motoni muda wa salamu ndefu, basi. Yai, ukilipata, lipasulie humohumo kwenye mboga.

Sokoni nenda saa kumi jioni, wauzaji wakianza kufunga. Nyanya laini zinazodharauliwa ndizo tamu za mchuzi. Usiende na njaa, na usiende na watoto, hao ndio wezi wa kwanza wa bajeti. Boga nunua zima, mbegu usitupe, zikaange wazitafune badala ya peremende.

Bonge mtafutie samaki wadogo wakavu. Toa vichwa, wakaange bila mafuta, watwange hadi wawe unga, kijiko kimoja kwenye uji wake kila asubuhi. Atakunja uso siku mbili, ya tatu atadai.

Hapa wote hawajambo. Kaka yako yuko kazini kwake. Watoto wanakula hadi wanalamba sahani, sina hata cha kuosha. Kelele zao ndizo zinazonifanya niandike vibaya, nivumilie.

Mama yako


25 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimefuata kila kitu kama mtihani. Mboga zimebaki kijani hata baba watoto akauliza kama zimeiva. Maharage matamu, watoto wamesahau viazi vya kona. Bonge alikunja uso siku mbili kama ulivyosema, sasa anapiga kijiko mezani akidai mwingine.

Tatizo ni moja. Hayatoshi. Nilipika kikombe kimoja, nikapakua sahani tano, ya sita nikakwangua. Baba watoto akaitazama sahani yake akasema, "Maharage ya mama mkwe yana haraka, yamepita kusalimia tu." Tukacheka. Siku ya pili hakucheka mtu. Binti yangu mkubwa akaomba aongezwe, nikamwambia, bibi yako analisha watu sita kwa hicho hicho, wewe una tumbo la namna gani? Akaondoka mezani amenuna.

Sikuongeza. Wewe hujawahi kukosea kipimo, hata chumvi ya watu mia tatu. Nadhani ni sisi tuliozoea ulafi. Lakini nieleze, watu wako wanashibaje?

Mimi usinihofie. Siku hizi nakula mwisho, jikoni, nimesimama, na napenda hivyo kwa sababu ndizo dakika pekee ambazo hakuna anayeniita. Ajabu, Mama, nyumba imejaa watu na siku inaisha sijazungumza na mtu. Watoto wananiita kuomba. Shemeji yao huyo mshonaji, samahani, shangazi yao, ana cherehani kichwani. Baba watoto siku hizi maneno yake yamebaki ya mzaha tu, akimaliza mzaha anarudi kwenye kiti chake. Wewe una bahati, una mke wa Kaka wa kupiga naye soga jikoni.

Mwanao,
Chiriku


5 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Tafuneni polepole. Tumbo huchelewa kupata habari. Na kunyweni maji kabla ya kula, si katikati.

Kaka yako ana kazi nyingi, akipata nafasi atakuandikia.

Unasema huna wa kuzungumza naye. Washa redio, ina uvumilivu. Mimi kila siku nagombana na mtangazaji wa saa saba mchana. Yeye anasema yake, mimi nasema yangu, na hakuna anayekasirika akahama. Juzi alikuwa anawafundisha watu kula karoti na ngozi yake, nikamwambia, mwanangu, mimi nilikuwa nafanya hivyo hujazaliwa.

Na usitupe kitu. Maharage niliyopika Jumatatu nimeyamaliza leo Alhamisi, na hayakuchacha, kwa sababu kila asubuhi nayachemsha upya na kuyaacha wazi yapoe. Nawe fanya hivyo, mafuta ya taa utakayookoa utanunulia watoto chungwa. Haba na haba hujaza kibaba.

Mbusu Bonge. Kama ana meno ya kutosha, mpe karanga zilizosagwa.

Mama yako


15 Machi

Kaka,

Naituma hii kwenye karakana yenu ya pampu, maana nyumbani hujibu. Siombi kitu, usiogope.

Mama ameniandikia kwamba kikombe kimoja cha maharage amekila tangu Jumatatu hadi Alhamisi. Nimeisoma barua hiyo mara nne. Ninyi mko sita. Kuku sita wangekimaliza kabla ya adhuhuri. Nikarudi kwenye barua ya kwanza: kitunguu kimoja kidogo, mchele nusu kikombe. Na mimi nimefuata vipimo hivyo wiki tatu. Jana kliniki mstari wa Bonge haujapanda, umelala tu pale pale.

Niambie ukweli. Kwa Mama anakula nani?

Mdogo wako


24 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako imezunguka, karakana ya zamani ndiyo iliyoileta huku. Mimi siko tena mji huo. Tulihama Oktoba.

Nilidhani Mama amekuambia. Hapana, na mimi nisidanganye. Nilijua hajakuambia, maana aliniomba nisiseme. Alisema, "Chiriku ana mtoto mdogo, akisikia atapanda basi aje, na nauli hana." Nami nikapata kisingizio cha kunyamaza.

Ulikuwa ugomvi wa jikoni. Unamjua Mama. Kila mke wangu akirudi sokoni, Mama anafungua kapu. Mafuta yote haya ya nini? Soda ya nini? Mnataka kuwaua hawa watoto? Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililouma. Siku moja akasema mbele ya wageni kwamba mtoto wetu wa kati amenenepa kwa uvivu wa mama yake. Wiki hiyohiyo mke wangu akaanza kufunga mizigo, nami nikaomba uhamisho.

Asubuhi ya kuondoka Mama alipika vikombe vitatu vya maharage, vya watu sita, kama kawaida yake. Gari likaja mapema. Hakuna aliyekula. Alisimama mlangoni na mwiko mkononi akasema nendeni salama. Sijarudi tangu siku hiyo, na kila barua ninayoanza naichana, sijui niandike nini baada ya shikamoo.

Nenda kamwone, wewe anakusikia.

Kaka yako


2 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kaka ameniambia. Usimkasirikie, nilimbana. Anasema kila barua anayoanza kukuandikia anaichana, hajui aandike nini baada ya shikamoo.

Ulinifundisha mwenyewe kwamba njia ya mwongo ni fupi. Yako imeishia kwenye kikombe kimoja cha maharage.

Nimekasirika, Mama, siwezi kusema sikukasirika. Uliniacha nimwambie mwanangu ana tumbo la ajabu. Uliniacha niwaonee wivu watu ambao hawapo. Mimi nakulilia upweke, wewe unaniambia niwashe redio!

Tangu wiki iliyopita napika vikombe vitatu. Sukari nimepunguza, mkate mweupe nimeacha, pesa yake imeingia kwenye maharage na mboga, na inatosha. Siku ya kwanza binti yangu alitazama sahani yake akauliza, "Leo bibi amekosea?" Nikamwambia leo bibi amepatia. Alikula mpaka akasinzia hapohapo.

Hasira ikaisha, nikabaki nawaza ile meza ndefu yenye mabenchi mawili. Unakaa upande gani sasa? Unakaa pale pako karibu na jiko, ukitazama benchi tupu? Miezi sita, Mama. Ulikuwa unaniandikia kuhusu kelele za watoto huku ukisikia nini?

Njoo ukae nasi. Sina kikubwa cha kukukaribishia. Njoo utugombeze.

Mwanao,
Chiriku


14 Aprili

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako nimesimama, kisha nikaketi nikaisoma tena.

Nisamehe. Mwambie mjukuu wangu tumbo lake ni zima, kipimo cha bibi yake ndicho kilichokuwa kibovu. Sikukusudia kuwanyima. Nilitaka kudanganya kwa maneno tu, watoto wanalamba sahani, kelele, mambo hayo. Vipimo sikuvifikiria kabisa. Nilitazama sufuria nikaandika nilichokiona. Kila nikikumbuka kadi ya Bonge, naona haya.

Unauliza nakaa wapi. Nakaa kwenye kigoda jikoni. Mezani sijakaa tangu Oktoba. Maharage yale waliyoyaacha niliyala siku tano, ya sita yakachacha, nikayamwaga nyuma ya nyumba nikalia, mtu mzima, nalilia maharage. Mwanangu, kupikia watu mia tatu si kazi. Kazi ni kupikia mmoja. Hakuna kitunguu kidogo kiasi hicho. Kikombe kimoja ndicho kidogo kabisa ninachokijua, chini ya hapo mkono unakataa, kwa hiyo nakula kitu kimoja siku nne. Usihofu, nakula vizuri, mboga, tunda, vyote vinavyotakiwa. Ninachoumwa ni upweke, na huo sijui mboga yake.

Lakini kuja, siji. Mdomo uliponza kichwa. Nyumba niliyokaa na kaka yako niliivunja kwa kufungua kapu la mtu, na nikija kwako nitafungua na la kwako, najijua. Wewe utavumilia kwa sababu nimekuzaa. Mumeo je? Tena mko sita na kazi ya siku tatu. Niongeze mdomo wa saba, na mdomo wenyewe ndio huu? Niache hapa na mtangazaji wangu.

Mama yako


26 Aprili

Mama mkwe,

Shikamoo. Ni mimi mkweo. Kuandika si kazi yangu, mwandiko utauvumilia. Binti yako hajui kama nakuandikia.

Barua yako niliikuta juu ya meza nikaisoma. Labda aliiacha makusudi.

Unaogopa utafungua kapu letu. Lifungue, Mama. Mke wangu anasema amekula jikoni. Mimi niko nyumbani siku nne kwa wiki, kile kiti kilishapona zamani, nakishikashika tu ili watoto wasione baba yao amekaa bure. Kwa hiyo ninaona. Yeye hali chakula. Wakati wa kikombe kimoja aliyepungukiwa zaidi alikuwa yeye. Sasa chakula kipo, lakini mazoea yamebaki: anapakua sahani tano, anakwangua sufuria amesimama, anasema ameshiba. Sketi zake mdogo wangu amezipunguza kiuno mara mbili, akadhani ni mtindo. Nimemwambia akae, akaniuliza nani atapakua. Nikajaribu kupakua mimi, akasema namwaga. Nafanya mzaha ili acheke, na siku hizi hacheki. Mimi sijui maneno mengine, Mama. Huyu anahitaji mtu wa kumgombeza ambaye hawezi kumjibu.

Bonge anaendelea vizuri, mstari umepanda kidogo. Anayeshuka sasa hana kadi.

Kuhusu mdomo wa saba, wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wetu ni mgonjwa. Mdogo wangu amekubali mlale naye chumba kimoja, anachoomba ni usiiguse cherehani yake. Na kiti nimekitengeneza tena, safari hii nimekipunguza miguu, kwa sababu nakumbuka kwenye harusi yetu miguu yako haikufika chini. Kipo mezani, hatujamruhusu mtu kukikalia.

Mkweo


5 Mei

Chiriku,

Mumeo ameniandikia. Usimgombeze, na usinijibu, barua yako haitanikuta.

Kumbe huli. Nilikufundisha kupika hujajua kusoma, na sikukufundisha kukaa. Siwezi kukulaumu, hata mimi jikoni pale shuleni nilikuwa nakula nimesimama, ukiwa mgongoni. Uliniona.

Mke wa kaka yako nimemwandikia. Nimemwambia kweli ya soda ni ile ile, lakini ya mbele za watu nilimkosea, na naomba msamaha. Akijibu, akinyamaza, ni haki yake. Kaka yako nimempelekea salamu ili ajue aanzie wapi baada ya shikamoo. Funguo namwachia mwalimu jirani. Redio nakuja nayo.

Jana nilipika kikombe kimoja cha mwisho, nikakilia mezani. Nilitaka kujua ikoje, meza ndefu ile na mtu mmoja. Nimejua, na sitaki kukueleza.

Basi linafika Jumamosi saa sita mchana. Ijumaa jioni loweka maharage, vikombe vitatu na nusu. Hiyo nusu ni yangu. Yachemshe asubuhi, mboga ziache nitazikata mimi. Kapu liweke wazi tu, tutalitazama pamoja.

Na usipakue. Panga sahani saba mezani, tupu, kisha ukae kwenye nafasi yako unisubiri. Hata ukinisikia mlangoni usinyanyuke. Nitapakua mimi, na nitaanza na wewe.

Mama yako